Levi Wakhungu na Wazee wa Jembe Waliogawanywa na Barabara

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu asubuhi ile ya Ijumaa, tarehe 19 Septemba 2008, ulipokata roho nyumbani kwako, mkono wako ukiwa mkononi mwa Mama. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani yakingoja kuvunwa. Mwaka huu pia yamekauka, na hatuna haraka ya kuyavuna.

Ulitufundisha kusema mambo kwa mpangilio na bila kuyapamba. Tutajaribu. Watakaosoma haya pamoja nasi baada ya Misa ya kukuombea wajue ulikuwa nani, ulifanya nini, na ni jambo gani ulilolitamani hadi pumzi ya mwisho usilipate.

Ulizaliwa Matulo, karibu na Webuye, upande wa Bungoma, na kazi ndiyo iliyokuleta Kitale. Kwa miaka ishirini na sita uliwasaidia wapima ardhi wa serikali, ukivuta mnyororo na kupigilia vigingi. Ulistaafu, lakini kupima hakukuacha. Ulijua ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi zizini. Penseli ilikaa nyuma ya sikio lako hata kanisani, na Mama aliichomoa kabla ya Komunyo, kimya kimya, kama anayempangusa mtoto uso. Chai uliinywa imepoa. Hukuwahi kutufokea. Ulipokasirika ulitoka nje ukaenda kunyoosha nguzo za ua, nasi tuliokuwa ndani tukajua tumekosea wapi.

Watu wa parokia walikujua kwa kazi nyingine, nayo ina historia yake.

Kabla ya mwaka 1981, wanaume wa kigango chetu walikuwa na wajibu mmoja tu kanisani: kuketi mabenchi ya nyuma na kutoka nje mahubiri yakianza. Kila kilichofanyika kilifanywa na akina mama. Mwaka huo, wakati wa kupalilia, mjane mmoja asiye na watoto alifariki. Wanaume waliambiwa. Wengine walikuwa sokoni, wengine kwenye pombe ya busaa, na kila mmoja alidhani mwenzake ameenda. Kaburi likachimbwa na wanawake tisa. Jumapili iliyofuata padre hakuhubiri. Alisimama, akasoma majina ya wale wanawake tisa, moja baada ya jingine, akaketi. Ulitusimulia kwamba ukimya uliofuata ulikuwa mrefu kuliko mahubiri yoyote uliyowahi kuyakimbia.

Baada ya Misa wanaume kumi na mmoja walibaki uani. Waliona haya kwenda nyumbani kula chakula kilichopikwa na wake zao. Wewe ulikuwa miongoni mwao. Ngige alikuwepo pia, kijana wakati huo, ambaye wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri kununua shamba na wenzao ng'ambo ya barabara ya changarawe, ya murram. Mlisimama pale hadi jua likawa kali, kila mtu akitazama viatu vyake. Ndipo wewe ukasema, "Tuanze na kilicho karibu." Kilichokuwa karibu ni kaburi la yule mjane, ambalo udongo wake ulikuwa umeanza kudidimia. Mlikwenda mkaliinua. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kikundi cha Mtakatifu Yosefu. Akina mama waliwapa jina jingine, Wazee wa Jembe, na halikuwa la sifa mwanzoni.

Kikundi kilichimba makaburi ya Wakatoliki na ya wasio Wakatoliki. Kiliwajengea wajane nyumba, kikakandika kuta na kupiga mabati. Kilichimba vyoo vya chekechea. Kanuni zilikuwa mbili, na zote mbili ulizitunga wewe. Ya kwanza, mfiwa hashiki jembe. Ya pili, mnachimba wawili wawili: mmoja ndani, mmoja juu, na hakuna ngazi. Kina kikitimia, aliye juu humpa mkono aliye chini na kumtoa. Tena wewe ndiye uliyepanga jozi hizo. Mtu wa Bungoma ulimweka na mtu wa Nyeri, au na Msabaoti wa mlimani. Hukutoa maelezo, na hakuna aliyeyadai, kwa sababu mtu akishavutwa kutoka shimoni na mwenzake mara tano au sita, maelezo hayana kazi.

Jozi yako ilikuwa Ngige. Mlichimba pamoja miaka ishirini na mitatu. Alikuchokoza daima kwa kuwa hukukubali kona isiyo na pembe sawa.

"Levi, bana, unapima hii kama ploti," alisema akiwa juu, ameegemea jembe. "Marehemu haendi kuomba hati miliki."

"Utaingia wewe urekebishe, au utaendelea kuongea?"

"Ningoje kwanza upige kigingi. Ati jirani asije akasogeza mpaka."

Wafiwa waliokuwa wakilia jikoni walisikia kicheko shimoni. Hakuna aliyeona vibaya.

Mwaka 1992, maneno mabaya ya ukabila yalipopita katika mashamba yetu, kikundi kilikuwa kikimjengea mjane nyumba karibu na barabara. Hamkuacha. Mlijenga polepole kuliko mlivyohitaji, wiki tatu nzima, wanaume arobaini wa pande zote mbili, na mapanga yenu yalikata fito tu. Waliokuja kutafuta nyumba za kuchoma walikuta barabara ina watu wanaokandika ukuta, wakageuka. Hamkujisifu. Mlisema tu kwamba nyumba ile ilikuwa na kazi nyingi.

Tumelieleza hili kwanza, Baba, ili linalofuata lieleweke.

Mwaka 2004 kigango cha ng'ambo kilipata kanisa lake na padre wake. Kikundi kilikuwa kimefikia wanaume zaidi ya sitini, na mikutano haikuisha. Ikaamuliwa kigawanywe. Padre alitazama huku na huku akamwona mtu mwenye penseli. Nani angechora mpaka vizuri kuliko wewe?

Ulikuwa na njia mbili. Ungeweza kufuata kijito, ambacho hupinda na kupita katikati ya mashamba ya kila aina ya watu. Au ungeweza kufuata barabara ya murram, iliyonyooka. Ulichagua barabara. Sababu zako zilikuwa za kitaalamu: barabara haihami, na kijito huhama kila msimu wa mvua. Waliokuwa upande huu wakabaki Mtakatifu Yosefu. Waliokuwa ng'ambo wakawa Mtakatifu Yoakimu. Kila mtu alisifu kazi yako. Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa kanisa, mistari yake ikiwa misafi kama ya ofisini.

Hukuona ulichokifanya, na sisi hatukuona. Mashamba ya upande huu yaligawiwa familia kutoka Bungoma, na yale ya ng'ambo yalinunuliwa na familia kutoka Nyeri. Wewe mwenyewe ulivuta mnyororo pale, miaka mingi kabla. Ulijua kila jina na kila ekari. Lakini ulipochora ulikuwa ukifikiria mvua. Siku moja ilitosha kufuta jozi zote za miaka ishirini na mitatu. Ngige alipoisoma karatasi ile alisema, "Sasa nitavutwa na nani?" Mlicheka nyote wawili.

Jumatano ya kwanza ya mwaka 2008, siku chache baada ya matokeo ya uchaguzi, mchana, moshi ulionekana ng'ambo ya barabara. Ulivaa koti la mvua ingawa mvua haikuwepo, ukapita nyumba saba za wanachama wa Mtakatifu Yosefu. Katika nyumba sita uliambiwa mwenye nyumba hayupo. Ya saba ilikuwa ya Wafubwa, aliyekuwa mwenyekiti baada yako. Alitoka hadi langoni, lakini hakulifungua.

"Wafubwa, toka twende. Kwa akina Ngige kunaungua."

"Mzee, huko si kwetu siku hizi. Huko ni kwa Yoakimu."

"Ni wanaume wenzetu."

"Najua, Mzee. Lakini si wewe ndiye ulichora? Ulituambia ng'ambo wana wazee wao, tusiwaingilie kazi."

Ulituambia baadaye kwamba hakusema kwa dharau. Mkono wake haukuondoka juu ya komeo. Alikuwa mtu mwenye hofu aliyetafuta sababu, na sababu iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ile uliyompa wewe.

Ulivuka peke yako. Ulimkuta Ngige barabarani na mkewe Wamboi, aliyebeba kichwa cha cherehani mgongoni kama mtoto. Nyumba yao ilikuwa imekwisha.

"Baba Nabwile, rudi," Wamboi alikwambia. "Utaumia bure."

Ngige alitazama nyuma yako, barabara yote, hadi ilipoishia.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Waliendelea kwenda mjini, kwenye uwanja wa maonyesho, na familia nyingine za ng'ambo. Wewe ulirudi ukaketi kwenye ngazi ya mlango bila kuvua koti. Katika miezi yote ya ugonjwa wako, sukari ilipopanda na maneno yako yakachanganyika, hayo mawili ndiyo yaliyobaki safi. Uliyauliza na kuyajibu mwenyewe. Uko peke yako? Niko peke yangu. Mama alikwambia, "Baba Nabwile, mimi niko hapa." Uliitikia kwa kichwa, lakini hukuwa ukizungumza naye.

Kuanzia Machi hadi Julai, miguu yako ikiwa imevimba, ulitembea kati ya pande mbili. Uliwaendea wa Yosefu, ukawaomba wakajenge upya nyumba moja tu ng'ambo, yoyote. Walikubali, wakaweka siku, na siku hiyo kila mmoja akapata safari ya Bungoma. Uliwaendea wa Yoakimu, ambao tangu Mei walikuwa wamerudi kuishi kwenye mahema kando ya mashamba yao. Walikupa kiti na chai. Wamboi aliipoza kwanza, maana alikumbuka. Lakini ulipotaja jina la kikundi walizungumza habari za mbegu.

Ulikuwa umebakiwa na kitu kimoja cha kuwakutanisha, nacho ni mwili wako. Hapo ndipo ulipoamua kuzikwa Kitale.

Baba mdogo Khaemba alikuja kutoka Matulo kwa hasira. Aliketi kando ya kitanda na kofia yake mapajani.

"Levi, baba yetu amelala Matulo, na babu yetu. Wewe utalala hapa na nani? Na mahindi?"

"Na watu niliowatenganisha."

"Hao ndio walikuzaa?"

"Hapana. Lakini Matulo ukoo utachimba. Mgeni hatapewa jembe. Hapa watalazimika kuchimba wao, na kaburi ni moja, Khaemba. Hawawezi kuchimba nusu nusu."

"Na wasipokuja?"

"Watakuja."

"Unaacha mifupa ya wazazi kwa ajili ya 'watakuja'?"

"Ndiyo."

Baba mdogo alivaa kofia yake akaondoka bila kula. Mama alimfuata na sahani hadi langoni.

Ulimwandikia Wafubwa na ukamwandikia Ngige, maneno yale yale, kwa mwandiko wako wa vigingi. Kaburi langu lichimbwe na vikundi vyote viwili, Ijumaa kabla ya mazishi, saa mbili asubuhi, wawili wawili kama zamani. Wote wawili walijibu kwamba watafika. Ulikufa ukiwa na majibu hayo chini ya mto. Tunataka watu wajue kwamba ulikufa ukitumaini. Sisi tuliosalia ndio tuliopewa mengine.

Ijumaa tarehe 26, kabla hakujapambazuka vizuri, Mama alisikia majembe. Alitoka na shuka mabegani. Wanaume kumi na wanne wa Mtakatifu Yosefu walikuwa uani, na shimo lilikuwa limefika kifuani.

"Wafubwa, si tulisema saa mbili?"

"Tulisema, Mama."

"Sasa?"

Wafubwa aliacha kuchimba. Hakupanda.

"Mama Nabwile, hao watakuja. Mzee alitaka tuchimbe wawili wawili. Mimi nikiwa ndani, Ngige atanipa mkono. Nitamtazamaje usoni?"

Mama alitaka kumwambia mengi. Alitutajia baadhi siku za baadaye, wakati wa kupepeta maharagwe. Asubuhi ile alinyamaza, kwa sababu aliona kwamba mtu yule alikuwa akilia na hakuwa akikulilia wewe. Walimaliza saa moja kasorobo. Waliosha majembe bombani wakaondoka kwa njia ya nyuma.

Saa mbili kamili Ngige aliingia langoni na wanaume tisa wa Mtakatifu Yoakimu. Walikuwa wamevaa nguo safi za kazi, zilizopigwa pasi. Hatujui walipigia wapi pasi kwenye mahema. Walisimama kandokando ya shimo lililokwisha.

Ngige aliinama akatazama ndani kwa muda.

"Kona hii haijanyooka," alisema. "Levi angewarudisha."

"Ingia uirekebishe, Mzee," dada yetu Nabwile alimsihi. "Tafadhali. Kona moja tu."

Ngige alishika jembe. Tuliona mguu wake ukisogea ukingoni. Kisha mmoja wa wenzake akasema kwa sauti ya chini, "Ngige, wametuonyesha. Twende." Naye akatazama ukingo wa pili, pale ambapo mwenzake wa Yosefu angesimama kumtoa, na hapakuwa na mtu. Aliweka jembe begani. Walitoka mmoja mmoja kwa lango la mbele, na kila mmoja alimpa Mama mkono. Mazishi yalipofika kesho yake, wa Yosefu waliketi karibu na jikoni na wa Yoakimu walisimama nje ya ua. Padre alipoomba watu wapeane amani, ua ulibaki kati yao kama ulivyokuwa.

Ulikuwa umeunyoosha vizuri sana.

Baba, uliuacha ukoo wako kwa jambo hili, na halikutokea. Kona ile bado haijanyooka hapo ulipo. Tumejiuliza mwaka mzima tungefanya nini tofauti: kama Mama angewafukuza alfajiri ile, kama mmoja wetu, ingawa mfiwa hashiki jembe, angeruka ndani na kumpa Ngige mtu wa kushirikiana naye. Hatukuvunja kanuni yako. Labda ingetupasa kuivunja.

Unastahili kuambiwa yaliyofuata. Kikundi cha Mtakatifu Yosefu hakijachimba kaburi lolote tangu lako. Wafiwa siku hizi hukodi vijana wa mjini, wanaokuja na redio. Wafubwa alijiuzulu wakati wa Krismasi, na hakuna aliyetaka nafasi yake. Kikundi cha Mtakatifu Yoakimu kina wanaume sita, kwa sababu wengine wameuza na kurudi Nyeri. Ngige hajauza. Bado anaishi kwenye hema, amelizungushia ukuta wa udongo aliokandika mwenyewe na Wamboi. Ukuta wa kwanza, aliousimamisha peke yake, ulianguka wakati wa mvua za Aprili. Hapakuwa na mtu wa kushika upande wa pili.

Tulipoanza kuandika kumbukumbu hii tulitaka vikundi vyote viwili vitie jina mwishoni, pamoja nasi. Tulidhani jina kwenye karatasi ni jambo dogo. Tulianza na wa Yosefu. Waliuliza ni kikundi gani kitaandikwa kwanza. Tukavuka barabara kwenda kwa wa Yoakimu. Waliuliza hilo hilo, wakaongeza kwamba hawawezi kuwekwa ukurasa mmoja na watu waliobaki ndani siku ile. Tulikwenda na kurudi mara nne. Mara ya nne Wamboi alitusindikiza hadi kwenye murram. "Watoto wangu," alisema, "msijichoshe. Baba yenu aliitembea hii yote." Tukaacha.

Jioni hiyo Ngige alitufuata hadi nyumbani. Hakuketi. Alimwambia Mama, "Niandike mimi. Ngige tu."

"Wa Mtakatifu Yoakimu?" Mama aliuliza.

"Hapana, mama. Kikundi sina."

Unakumbukwa na mkeo Agneta, na watoto wako Nabwile, Joan na Wanyonyi, na wajukuu wako sita, mmoja wao akiwa amezaliwa mwezi wa tatu na kuitwa Levi, na ndugu yako Khaemba wa Matulo, ambaye bado hajakusamehe lakini amesema jina lake liwekwe, na Ngige.

Hatuna habari njema ya kukuletea mwaka huu, Baba. Tutakukumbuka hivyo hivyo, siku zote tulizobakiwa nazo.